Moto Ukitolewa, Maharage Yanaendelea Kuiva

Anayepika maharage kwa mkaa huununua moto mara mbili. Kwanza anayachemsha, kisha anayangoja yaive, na huko kungoja ndiko kunakomaliza kopo la mkaa. Akiona yanachelewa, anaongeza makaa na kupepea. Sufuria inatokota kwa fujo, mfuniko unarukaruka, lakini maharage hayaivi upesi zaidi.

Sababu yake ni tabia ya maji. Yakishachemka, joto lake halipandi tena hata moto uwe mkali kiasi gani. Dar es Salaam na Mombasa yanachemka kwenye nyuzijoto 100. Nairobi na Mbeya, miji iliyo kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, yanachemka kwenye nyuzijoto 94 au 95, maana hewa ya huko ni nyepesi. Ndiyo maana maharage yaleyale yanayoiva vizuri pwani yanamtesa mpishi wa nyanda za juu. Sufuria ya presha inaondoa tabu hiyo kwa kuuzuia mvuke usitoke, joto la ndani likafika nyuzijoto 120 hivi.

Bila presha, moto wa ziada unaishia kwenye mvuke tu. Kupasha lita moja ya maji kutoka nyuzijoto 20 hadi 100 kunatumia kilojuli 335 hivi; kuyageuza yote kuwa mvuke kunadai nyingine zaidi ya 2,250, yaani karibu mara saba. Sufuria iliyoachwa wazi ikitokota saa mbili inautuma mkaa darini. Mfuniko peke yake unaokoa sehemu kubwa, na moto mdogo unaotosha kufanya maji yacheze kidogo unaivisha sawa na ule wa kupepea.

Lakini kuna hatua inayozidi hiyo: kuitoa sufuria motoni kabisa. Ikiwa joto limeshaingia, kilichobaki ni kulizuia lisitoke. Kikapu kipana hutandikwa sufi, pamba, vitambaa vikuukuu au majani makavu ya migomba, sufuria inayochemka ikazamishwa katikati, kisha ikafunikwa kwa mto mnene. Kazi hasa inafanywa na hewa iliyonaswa ndani ya sufi, ambayo hupitisha joto kwa shida sana. Wazo si geni. Sanduku la namna hiyo kutoka Norwei lilionyeshwa kwenye Maonyesho ya Dunia ya Paris mwaka 1867, na wakati wa vita kuu mbili za dunia familia za Ulaya zilipika kwa masanduku ya nyasi kavu ili kubana matumizi ya makaa ya mawe. Wapishi wa wali wa pwani nao wana ujuzi unaokaribiana na huo: maji yakikauka, moto wa chini unapunguzwa, makaa machache yanapaliwa juu ya mfuniko, na wali unamalizikia kwa joto lililobaki.

Kwa maharage kuna sharti lisilofanyiwa mchezo. Maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili inayosababisha kutapika na kuharisha, na sumu hiyo huvunjwa na kuchemka kwenyewe; uvuguvugu hauiondoi. Kwa hiyo yalowekwe usiku kucha, maji ya kulowekea yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu nusu saa kabla ya kuingia kikapuni. Sufuria iwe imejaa vizuri, kwani chakula kidogo kinapoa haraka, na asiwepo wa kufunua kila mara kuchungulia. Ikifunuliwa baada ya saa kadhaa ikakutwa vuguvugu tu, irudishwe motoni, maana chini ya nyuzijoto 60 bakteria wanaanza kuzaana. Wanaotia magadi ili kuharakisha hawakosei kikemia: magadi hulainisha ganda. Ila huharibu pia vitamini B1, na kulowekwa tu kunafanya sehemu nzuri ya kazi hiyohiyo.

Ujuzi wa aina hii hausambai kwa vipeperushi. Magharibi mwa Kenya, miaka ya 1980, vikundi vya wanawake wafinyanzi ndivyo vilivyofinyanga vyungu vya ndani vya majiko ya kuni yaliyosambazwa kupitia shirika la Maendeleo ya Wanawake. Mijini, mafundi bati wa Nairobi walichukua jiko la Thailand, wakalibadilisha umbo, wakapata jiko la mkaa lenye kiuno na udongo ndani ambalo leo liko kila soko. Vikapu navyo vilipita njia hiyo ya vikundi, na ni rahisi kuelewa kwa nini: mama hawezi kuzima moto wa chakula cha watoto wake kwa kuambiwa tu. Anataka kwanza aonje maharage ya jirani.

Ujirani una faida nyingine ya kifizikia. Sufuria ikikua, ujazo wake huongezeka haraka kuliko eneo linalopotezea joto. Sufuria kubwa ya msibani, kwa kila sahani, hupoteza joto kidogo kuliko sufuria tatu ndogo. Majirani watatu wakichanga maharage, mmoja akachemsha kwa wote na kila mtu akachukua fungu lake la kuunga jioni, mkaa unaookolewa ni wa kweli hata bila kikapu.

Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia unaolenga asilimia 80 ya wananchi wawe wanaitumia ifikapo 2034. Ni lengo zuri, ingawa mazungumzo mengi yanahusu mtungi wa gesi, na gesi ikiisha katikati ya mwezi si kila mtu ana fedha ya kujaza tena. Kikapu kinaisaidia hiyo gesi pia, kwa makande, supu ya makongoro au wali. Kwa ugali hakifai, kwa kuwa lazima usongwe juu ya moto, wala kwa chapati na samaki wa kukaanga.