Uji usio na sukari angani: Usiukatae kabla ya kuuelewa

MFANYABIASHARA aliyelelewa Kipsongo, mjini Kitale, akisafiri kwa ndege kutoka Guangzhou hadi mji mwingine wa China, huenda akashangaa. Hata katika daraja la biashara, kiamshakinywa chaweza kuwa bakuli la uji mweupe usio na sukari.

Uji huo, uitwao zhou, hupikwa kwa mchele na maji mengi hadi punje zipasuke. Huandamana na mboga zilizochachushwa, au yai la bata lililohifadhiwa kwa chumvi, na pengine mantou, mkate uliopikwa kwa mvuke.

Aliyezoea uji wa wimbi wenye sukari huonja kijiko kimoja na kuusukuma kando. Kosa ni kuuonja peke yake. Zhou ni kama ugali: hakuna anayeulaumu ugali kwa kukosa chumvi, kwani ladha imo katika sukumawiki. Isitoshe, hewa kavu ndani ya ndege hufifisha ladha.

Basi, teka uji pamoja na kipande kidogo cha mboga. Anayeukataa huenda akaingia mkutanoni tumbo likinguruma.