Fahamu: Jinsi nafasi za uzamivu zinavyotolewa Marekani

Nchini Marekani, maombi ya shahada ya uzamivu kwa kawaida hufungwa kati ya Desemba na Januari, kwa masomo yanayoanza Agosti au Septemba. Mwenye uamuzi ni kamati ya wahadhiri wa idara husika. Husoma maelezo ya azma ya mwombaji, matokeo yake ya masomo na barua za mapendekezo, mara nyingi tatu. Idara nyingi zimeacha kudai mtihani wa GRE. Alama nzuri hazitoshi iwapo hakuna mhadhiri anayeshughulikia mada ya mwombaji. Wengi hukwama hapo bila kujua kilichowakwamisha.

Anayepata ufadhili kamili husamehewa ada na kulipwa posho, kwa kawaida akifundisha au kusaidia utafiti. Vyuo vilivyotia saini azimio la Council of Graduate Schools, muungano wa vyuo vya shahada za juu, havimlazimishi kujibu kabla ya Aprili 15. Mwaka 2025, serikali ilipobana fedha za utafiti, baadhi ya vyuo vilipunguza nafasi. Chuo cha tiba cha UMass Chan kilifuta hata zile zilizokwisha kutolewa.

Miaka ya mwanzo ni ya madarasa na mtihani wa kufuzu, kisha utafiti na tasnifu. Jumla mara nyingi hupita miaka mitano. Muhula ukiendelea, mwenye viza ya F-1, ya wanafunzi wa kigeni, haruhusiwi kufanya kazi chuoni zaidi ya saa 20 kwa wiki, hivyo posho ndiyo tegemeo, na katika miji kama Boston sehemu yake kubwa humezwa na kodi ya nyumba. Kubadili msimamizi kunawezekana, ingawa anayefanya hivyo katikati ya utafiti huweza kulazimika kuanza mada upya.