Daftari la Kubandika katika Shule ya Nyumbani

Sheria ya jimbo la Pennsylvania, nchini Marekani, iliyopitishwa mwaka 1988, humruhusu mzazi kuwasomesha wanawe nyumbani badala ya kuwapeleka shule, walakini humwekea masharti: masomo yasipungue siku 180 katika mwaka, au saa 900 kwa watoto wa madarasa ya chini, na mzazi aweke jalada lenye orodha ya vitabu vilivyosomwa, iandikwe kadiri masomo yanavyokwenda wala si baada ya mwaka kwisha, pamoja na mifano ya maandishi, michoro na kazi za mikono za mtoto mwenyewe. Mwaka ukifika ukingoni, mwalimu mwenye cheti, au mtaalamu wa saikolojia mwenye leseni, hulipitia jalada lile, huzungumza na mtoto, kisha hutoa hukumu yake kama elimu ipasayo imetolewa ama haikutolewa. Waliotunga sheria hii walitaka ushahidi tu. Lakini ushahidi wenyewe hukusanywa kwa mkasi na gundi, na ndiyo maana katika nyumba kadha wa kadha za jimbo lile jalada la sheria na albamu ya familia vimekaribiana mno, hata ukurasa mmoja ukawa unamtumikia mkaguzi wa leo na mjukuu wa kesho.

Sisi tulioutoa umri wetu katika malezi ya watoto wadogo tunalo neno juu ya ukurasa huo, nami napenda kulisema wazi tangu mwanzo, kwa sababu naona wazazi wengi wenye mapenzi mema wanahangaika nao upande usiofaa. Elimu iliyomo katika daftari la kubandika haitoki katika karatasi, wala katika picha, wala katika mapambo. Hutoka katika mazungumzo yaliyoutangulia ukurasa, pale mtoto alipoulizwa, akafikiri, akasimulia, na maneno yake yakaandikwa kama alivyoyatamka. Ukurasa uliotengenezwa na mama peke yake, usiku, watoto wamelala, waweza kuwa mzuri wa kupendeza macho, lakini kwa mtoto ni habari ya mtu mwingine.

Asili ya jambo hili ni kongwe kuliko sheria ya Pennsylvania. Charlotte Mason, mwalimu wa Uingereza aliyezaliwa mwaka 1842 na kufariki mwaka 1923, alitoa mwaka 1886 kitabu chake juu ya elimu ya nyumbani, na mwaka uliofuata ukaundwa mjini Bradford umoja wa wazazi waliokubaliana na mafundisho yake. Tangu mwaka 1891 familia zilizosomesha watoto majumbani, na miongoni mwao zilizokaa ng'ambo, zilipelekewa kwa posta ratiba za masomo na mitihani ya kila muhula. Kwake yeye, mtoto aliye chini ya miaka 6 hana haja ya masomo rasmi, bali ana haja kubwa ya kuwa nje, chini ya mbingu, kwa saa nyingi za mchana; na hata akianza kusoma, somo moja lisizidi dakika 20, kwa kuwa makini ya mtoto ikichoshwa leo hujifunza kuchoka kila siku. Nguzo ya mafundisho yake ilikuwa usimulizi: mtoto husomewa kisa mara moja tu, kisha hukieleza upya kwa ulimi wake. Watoto waliokuwa hawajajua kuandika walijibu mitihani kwa mdomo, na mzazi ama mwalimu wa nyumbani akayaandika majibu yao neno kwa neno, yakapelekwa mji wa Ambleside, alikokaa Mason, yalikosomwa. Mzazi akiwa katibu wa mwanawe: hilo kwangu ni jambo adhimu kuliko yote aliyoyaacha mwanamke yule, na ndilo ambalo albamu zetu nyingi hazina.

Tuitazame nyumba ya mfano yenye mtoto wa miaka 7, mwingine wa miaka 4, na mchanga anayetambaa. Meza ni moja: ndiyo ya chai, ndiyo ya hesabu, ndiyo ya mkasi. Asubuhi, vyombo vikiisha kuondolewa, mkubwa husoma kwa robo saa, huhesabu maharagwe kwa robo saa nyingine, na somo la tatu aghalabu halifiki mwisho kwa sababu mchanga ameamka ama wa kati ameanza kudai haki yake. Watu wasioishi na watoto hudhani kwamba wa kati ni pingamizi la masomo, ilhali yeye naye yumo darasani. Mpe magazeti ya zamani na mkasi wenye ncha butu, umkalishe karibu na kaka yake: aghalabu mtoto wa miaka 3 huchana na kudokoa ukingo wa karatasi, wa miaka 4 hufuata mstari ulionyooka, wa miaka 5 huanza kuzunguka umbo, na misuli ileile ya vidole inayofungua na kufunga mkasi ndiyo itakayoshika kalamu mwaka ujao bila mkono kuchoka. Kuchana karatasi, jambo linalokaripiwa katika nyumba nyingi, ni mlango wa kuandika. Mchanga, kwa upande wake, hutia kila kitu kinywani, basi gundi ya siku zile na iwe uji mzito wa unga wa ngano na maji, uliochemshwa ukapoa.

Adhuhuri hupita katika kupika, kula na kulaza. Alasiri ni ya nje. Jioni, mambo yakijaalia, daftari hufunguliwa kwa muda mfupi, si kila siku. Mara moja kwa juma yatosha sana, na mzazi aliyechoka asijilaumu kwa juma lililopita bila ukurasa.

Sasa, namna ya kuzungumza. Jimboni Pennsylvania kimulimuli ndiye mdudu rasmi wa jimbo tangu mwaka 1974, na usiku wa kiangazi watoto humfuata majanini wakiwa na chupa. Kesho yake mama anayeketi na mwanawe aweza kuuliza, "Jana tuliona vimulimuli, sivyo?" Mtoto hujibu, "Ndiyo," na mazungumzo yamekwisha. Au aweza kuuliza, "Nieleze, yule wa kwanza ulimwona wapi? Mwanga wake ulikuwaje? Na ulipofungua chupa alifanya nini?" kisha akanyamaza. Kunyamaza huko ni sehemu ya ufundi, maana mtoto wa miaka 4 huchukua muda kulipata neno, na mzazi mwenye haraka humpokonya. Robyn Fivush wa Chuo Kikuu cha Emory, mjini Atlanta, na Elaine Reese wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, wamechunguza kwa miaka mingi mazungumzo ya akina mama na watoto wao juu ya mambo yaliyopita, na limedhihirika kwamba watoto wa wale wanaouliza kwa upana, wakafafanua na kuyaendeleza majibu, hukua wakiwa na masimulizi marefu zaidi na yenye mambo mengi zaidi juu ya maisha yao wenyewe. Na akina mama waliofundishwa kuzungumza hivyo waliona athari yake kwa watoto wao. Jambo hili si dogo, kwa maana watu wazima wengi hawakumbuki chochote cha kabla ya umri wa miaka mitatu hivi, na kumbukumbu zinazofuata hushikamana kwa kiasi kikubwa na yale yaliyopata kusemwa.

Halikadhalika kwa masomo yenyewe. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walitangaza majaribio ambamo wanafunzi wa chuo kikuu walisoma habari fulani, kisha baadhi wakaisoma tena na tena, na wengine wakajaribu kuikumbuka bila kuitazama. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya juma moja waliojilazimisha kukumbuka ndio walioshinda. Mason alikuwa ametangulia kulitambua jambo hilo kwa uzoefu, bila majaribio. Na mzazi anayepiga picha kila tukio kwa simu naye analo funzo: Linda Henkel wa Chuo Kikuu cha Fairfield alionyesha mwaka 2014 kwamba watu waliotembezwa katika jumba la makumbusho walikumbuka kwa uchache vitu walivyovipiga picha kuliko walivyovitazama tu, isipokuwa pale walipoisogeza kamera karibu na sehemu moja ya kitu, kwani hapo jicho lilikuwa limechagua. Basi mtoto naye achague. Katika picha nyingi za juma, aambiwe atwae moja, aseme kwa nini ni hiyo, na kwa nini si nyingine. Uchaguzi huo ni somo la lugha na la fikira kwa pamoja.

Hapa ndipo ninapotofautiana na biashara ya mapambo. Tangu duka la Marielen Christensen na mumewe, lililofunguliwa Spanish Fork, Utah, mwaka 1981, kazi ya kubandika kumbukumbu imezaa maduka, magazeti na vifaa visivyohesabika, na bibi yule anastahili shukrani, kwa sababu aliwahimiza watu watumie karatasi isiyo na asidi. Lakini riboni na vibandiko vilivyokatwa tayari vina namna ya kumfukuza mtoto mezani: mkono wake haulingani na urembo wao, naye huambiwa aache asije akaharibu. Mstari uliopinda na uachwe umepinda. Jina lililoandikwa herufi moja kinyume lisisahihishwe juu ya ukurasa, maana mkaguzi wa Pennsylvania na mtoto mwenyewe atakapokuwa mtu mzima watataka kuona alikotoka.

Kosa hilohilo limebisha hodi kwetu. Chini ya mtaala wa umilisi nchini Kenya wanafunzi huweka majalada ya kazi zao, na malalamiko yamesikika hadharani ya wazazi wanaokesha wakikata na kubandika ili kazi ya mtoto ipendeze kesho. Nawahurumia, kwani hufanya hivyo kwa mapenzi na kwa kuogopa fedheha. Lakini mwalimu atapokea kazi ya mzazi, na mtoto atakuwa amepoteza zamu yake. Aidha, mwaka 2020, shule zilipofungwa mwezi wa Machi, za Tanzania hadi mwisho wa Juni na madarasa mengi ya Kenya hadi Januari ya mwaka uliofuata, wazazi wa huku kwetu waligeuka walimu pasi na kutaka. Kazi nyingi za watoto za miezi ile zilibaki ndani ya simu, na simu zimekwisha badilishwa. Si kwamba elimu ya nyumbani ni ngeni pwani: Mwana Kupona wa Pate, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake Mwana Hashima utenzi wa nasaha mwaka 1858, na nasaha hiyo ya mama kwa mwana imetufikia kwa sababu iliandikwa na ikahifadhiwa.

Mintarafu kuhifadhi, karatasi nyingi za bei nafuu zina adui ndani yake. Tangu karne ya 19 karatasi hutengenezwa kwa rojo la mti. Ile isiyosafishwa ina lignini, inayoigeuza manjano ikipigwa na nuru, na asidi inayokatakata nyuzi zake hata ikavunjika kwa kukunjwa. Karatasi ya gazeti ndiyo mbaya kuliko zote, kwa hiyo kipande cha gazeti heri kinakiliwe juu ya karatasi njema. Risiti na tiketi zinazochapwa kwa joto hufifia zikabaki tupu. Albamu zenye kurasa za kunata na utando wa plastiki, zilizopendwa sana miaka ya 1970, zimeharibu picha nyingi, zikiwamo zile za studio zetu za zamani ambazo hazina nakala. Gundi yake huwa manjano, na picha hung'ang'ania isibanduke. Plastiki ya PVC iepukwe. Ile ya poliesta au polipropileni haina neno. Katika joto na unyevu wa Mombasa, Unguja au Dar es Salaam, ukungu na mende huzidisha msiba, na mende hupenda mno uji wa ngano; kwa sababu hiyo gundi ya unga niliyoitaja na iwe ya kazi za kila siku, bali picha za thamani zishikwe kwa vipembe vya karatasi vinavyobana ncha zake bila gundi kuigusa picha. Nyuma ya picha yaandikwe majina, mahali na mwaka kwa kalamu laini ya risasi, na daftari liwekwe mbali na ukuta wenye unyevu, palipo na hewa.

Limebaki suala la ndugu, ambalo wazazi huniuliza mara kwa mara. Wawili wameona jambo moja, na kila mmoja anasimulia kivyake: mkubwa asema kimulimuli alitoroka, mdogo ashikilia kwamba yeye ndiye aliyemfungulia. Mzazi huvutwa kuamua, ama kuandika habari ya tatu iliyo sawa. Asiamue. Ukurasa ugawanywe, masimulizi yote mawili yaandikwe kwa maneno ya wenyewe, kila moja na jina la msemaji, umri wake na tarehe. Na baada ya miezi michache wasomewe tena, waulizwe kama wana la kuongeza, na watakaloliongeza liandikwe chini, kwa tarehe mpya.