Kiti, skrini na sekunde: Meza ya mpokea simu za dharura inapaswa kuwaje?

Tarehe 30 Juni 1937, jiji la London lilianza kutumia 999, namba maalumu ya simu za dharura. Chanzo chake kilikuwa moto uliotokea katika mtaa wa Wimpole Street mwezi Novemba 1935 na kuua wanawake watano. Jirani aliyejaribu kuwaita zimamoto alikwama kwenye foleni ya simu za kawaida. Ili jambo hilo lisijirudie, simu ya 999 ilipoingia kwenye ukumbi wa wapokea simu, taa nyekundu iliwaka na honi ikalia.

Historia ya huduma hiyo inasimulia kuwa honi ililia kwa nguvu mno, hata wafanyakazi wakachomeka mpira wa tenisi kwenye mdomo wake ili kuipunguza makali. Waliopanga ukumbi ule walikuwa wamefikiria simu. Anayeipokea hawakumfikiria.

Kosa hilo bado linafanyika, hata katika ukanda wetu ambako vituo vya kupokea simu za dharura vinazidi kufunguliwa. Tanzania ina namba 112 ya polisi, 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na 115 ya mfumo wa m-mama unaosafirisha wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Rwanda ina 912 kwa ajili ya magari ya wagonjwa. Nyuma ya kila namba kuna mtu aliyeketi mbele ya meza. Katika makala haya tunaeleza meza hiyo inapaswa kuwaje, na kwa nini jambo hili linamhusu hata asiyewahi kukanyaga chumba hicho.

Ni kazi ya namna gani?

Tuseme ni saa nane usiku. Mkunga wa zahanati ya kijijini anapiga 115: mama amejifungua na damu haikatiki. Mratibu anayepokea simu anasikiliza, anauliza maswali yaliyopangwa, anaandika majibu kwenye kompyuta na kuangalia ni gari gani lililo karibu. Kama hakuna gari la wagonjwa, anamtafuta dereva wa jamii aliyesajiliwa, ambaye hulipwa kwa simu ya mkononi. Hapo hapo anaiarifu hospitali ijiandae.

Mikono, macho, masikio na sauti vyote vinafanya kazi kwa wakati mmoja, na hawezi kuinuka mpaka simu iishe. Damu nyingi baada ya kujifungua inaweza kuua ndani ya saa chache, kwa hiyo kila dakika ina thamani. Nchini Marekani, chama cha NENA kinachoshughulikia huduma ya 911 kimeweka kiwango kwamba asilimia 90 ya simu zipokewe ndani ya sekunde 15.

Sasa mpe mtu huyo kiti kilichovunjika egemeo, skrini iliyo pembeni na simu anayoibana kati ya sikio na bega. Saa ya kwanza atavumilia. Saa ya nane shingo imekaza, macho yanawasha, na jina la kijiji analiandika vibaya. Maumivu ya mwili huiba umakini, na umakini ukipotea gari linaweza kwenda kusiko.

Elimu ya kupanga kazi na vifaa vilingane na mwili na akili ya binadamu huitwa ergonomia. Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, lina kiwango kizima, namba 11064, kinachohusu vyumba vya kuongozea kazi kama hivi.

Tuanze na kiti

Kiti cha kawaida cha ofisi hutengenezwa kwa mtu mmoja anayekaa takriban saa nane kwa siku, yaani saa 40 kwa wiki. Kiti cha kituo cha dharura hakipoi. Hukaliwa saa 168 kwa wiki, na watu wa maumbo tofauti hupokezana: mrefu anaondoka, mfupi anaingia. Ndiyo maana kuna viti vinavyoundwa mahsusi kwa matumizi ya saa 24. Bei yake ni kubwa, lakini kiti cha bei rahisi kinachochakaa kila baada ya miezi michache si rahisi hata kidogo.

Kiti kinachofaa kinarekebishika kwa urefu, egemeo na sehemu ya kuwekea mikono, na anayeingia zamu anaweza kukirekebisha bila kumwita fundi. Kipimo ni hiki: nyayo zikae bapa sakafuni, magoti yakunjike karibu pembe mraba, na egemeo liguse mgongo wa chini, pale panapobonyea. Mfupi ambaye miguu yake inaning'inia awekewe kibao cha kukanyagia.

Hata hivyo, hakuna mkao mzuri unaofaa kwa saa kumi na mbili mfululizo. Vituo vingi vya Ulaya na Marekani vina meza zinazopanda na kushuka kwa kubonyeza kitufe, ili mtu apokee simu moja ameketi na nyingine amesimama. Faida yake si kusimama kwenyewe, maana anayesimama kutwa naye huumia. Faida ni kubadilisha mkao.

Skrini, kibodi na mausi

Skrini iwe umbali wa takriban urefu wa mkono ulionyooshwa, kati ya sentimita 50 na 75, na ukingo wake wa juu usizidi usawa wa macho. Anayevaa miwani yenye lenzi za aina mbili aishushe zaidi, la sivyo atainua kidevu kutwa nzima ili asome kwa sehemu ya chini ya miwani.

Vituo vingi vina skrini zaidi ya moja: moja ya fomu, nyingine ya ramani, ya tatu ya magari. Inayotumika zaidi ikae katikati, uso kwa uso na mfanyakazi, na nyingine zikunjwe pembeni kama mbawa. Skrini kuu ikiwekwa kando, shingo inageuka upande ule ule mamia ya mara kwa zamu moja.

Kibodi na mausi vikae usawa wa viwiko, mabega yakiwa yamelegea. Kifundo cha mkono kinachokunjwa kwa saa nyingi hubana mshipa wa fahamu unaopita hapo, na vidole huanza kufa ganzi. Ugonjwa huo, pamoja na maradhi mengine ya misuli na viungo, umo katika orodha ya magonjwa yatokanayo na kazi iliyotolewa na Shirika la Kazi Duniani, ILO, mwaka 2010.

Masikio na kelele

Anayepokea simu huku akiandika anahitaji hedifoni yenye kinasa sauti. Ni bora hedifoni moja ihudumie simu na redio ya mawasiliano kwa pamoja, asilazimike kuvua hiki na kushika kile. Spongi za masikioni ziwe za kila mtu na mwenyewe, maana kuchangia spongi ni kuchangia maradhi ya masikio.

Sauti nayo ina mpaka. Taasisi ya NIOSH ya Marekani inashauri mtu asikae kwenye kelele ya desibeli 85 kwa zaidi ya saa nane, na kila zikiongezeka desibeli tatu, muda huo ukatwe nusu. Chumba chenye mwangwi humfanya kila mmoja apaze sauti ili asikike, jirani naye apaze zaidi. Pazia nzito, zulia, dari inayofyonza sauti na vizuizi vya kitambaa kati ya meza husaidia sana. Vizuizi hivyo visiwe virefu kiasi cha kuwaficha wafanyakazi, maana lazima waweze kuonana na kupeana ishara simu nzito inapoingia.

Mwanga, joto na usiku

Dirisha liwe ubavuni mwa mfanyakazi. Likiwa nyuma yake linang'aa kwenye skrini, na likiwa mbele linamchoma macho. Taa za dari ziwe za wastani, na kila meza iwe na taa yake ndogo. Usiku baadhi ya vituo huzima taa zote ili skrini ionekane vizuri. Hilo huchosha macho na huleta usingizi.

Katika miji ya joto kama Dar es Salaam au Mombasa, kiyoyozi ni cha lazima kwa watu na kwa mitambo pia, ila kisimpulize mtu shingoni moja kwa moja. Feni inayovumia kwenye kinasa sauti humfanya anayepiga simu asisikie maelekezo.

Kwa macho kuna kanuni rahisi: kila baada ya dakika 20, simu ikiruhusu, tazama kitu kilicho mbali mita sita hivi kwa sekunde 20.

Ufanisi ni kupunguza hatua

Mpangilio mzuri hutazama pia njia ya taarifa. Swali la kwanza ni mahali, kwa hiyo sehemu ya kuandika mahali iwe ya kwanza kwenye fomu. Ramani iwe na majina wanayotumia wenyeji. Tanzania ina mfumo wa anwani za makazi na postikodi, lakini mtu aliyeshikwa na hofu atataja msikiti, soko, mwembe mkubwa au kituo cha bodaboda. Ramani isiyovijua hivyo itamchelewesha mratibu.

Umeme ukikatika, meza isife. Ziwepo betri za akiba za kushikilia mitambo mpaka jenereta iwake, laini ya mtandao wa pili, na karatasi zenye maswali yale yale yaliyomo kwenye kompyuta pamoja na orodha ya namba za madereva na hospitali. Karatasi hizo zikae mahali mkono unapofika bila kuinuka.

Kama bajeti ni ndogo?

Mengi hapa hayahitaji fedha. Kuhamisha meza ili dirisha liwe ubavuni ni bure. Kuinua skrini kwa boksi imara ni bure. Dakika tano mwanzoni mwa zamu za kurekebisha kiti na skrini ni bure pia, ilimradi msimamizi azitambue kuwa ni sehemu ya kazi. Fedha ikipatikana, tungeanza na hedifoni, kisha kiti, kisha meza.

Kuna jambo moja samani haziwezi kulitatua. Mpokea simu aliye peke yake usiku, asiye na wa kumshikia hata aende msalani, ataumia hata akikalia kiti bora kuliko vyote. Mtu wa kupokezana ni sehemu ya mpangilio wa kituo kama ilivyo meza yenyewe. Vivyo hivyo chumba kidogo cha kupumzikia, ambako aliyemsikia mtoto akikata roho kwenye simu anaweza kukaa kimya dakika chache kabla ya kupokea nyingine.

Nani anawajibika?

Uingereza ina kanuni tangu mwaka 1992 zinazomtaka mwajiri akague sehemu za kazi za wanaotumia skrini. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2007. Sheria hizi hazihusu viwanda na machimbo tu. Mpokea simu mwenye maumivu ya mgongo au ganzi ya vidole asingoje mpaka ashindwe kazi. Aripoti mapema, kwa maandishi, na abaki na nakala.

Nasi tulio upande wa pili wa simu tuna wajibu. Simu za mzaha zinazopigwa kwenye namba za dharura hukalia laini na kumchosha mtu yule yule. Ukipiga kwa haja ya kweli, anza na mahali ulipo, kisha tatizo, halafu jibu unachoulizwa na usikate simu mpaka uambiwe. Anayekuuliza maswali wakati wewe umeshikwa na hofu hakucheleweshi. Mara nyingi, wakati mkiendelea kuzungumza, tayari anatafuta gari la kukufikia.