Kisangani: Samaki wa miaka milioni 160 anayeuliza kama bahari ilifika Tshopo

Kutoka Kisangani mpaka Kinshasa, boti inateremka mto kwa zaidi ya kilomita 1.700, na hata ikifika huko, bahari ingali mbali. Hata hivyo, ndani ya mawe ya chokaa yanayoitwa ya Songa, katika eneo la Kisangani, wajiolojia wa wakati wa ukoloni walitoa mifupa ya samaki iliyogeuka jiwe. Mwaka wa 1962, wataalamu wawili, Mfaransa Pierre de Saint-Seine na Mbelgiji Edgard Casier, waliandika kwamba samaki hao waliishi katika maji ya chumvi.

Mmoja wao leo anaitwa Paraclupavus caheni. Aina yake ilikwisha zamani sana. Mawe aliyolala ndani yake yana umri wa kati ya miaka milioni 160 na 175 hivi, wakati dinosaria walikuwa wakitembea duniani. Kwanza wataalamu hao walimpa jina la Leptolepis, neno la Kigiriki lenye maana ya "magamba membamba". Jina hilo lilikuwa na sababu. Wakati huo samaki wengi wenye mapezi ya miiba walikuwa bado wanavaa magamba mazito na magumu, kama yale ya Polypterus, samaki mrefu anayefanana na nyoka ambaye wavuvi wa mto Congo wanamkamata hata leo. Paraclupavus alikuwa tayari wa kundi jipya, lile la wateleosti. Karibu kila samaki anayefika sokoni leo ni wa kundi hilo: sambaza wa Kivu, ndakala wa Tanganyika, kapitene, tilapia, hata makayabo.

Miaka mingi baadaye, Mbelgiji Louis Taverne alirudia mifupa hiyo, kichwa na mkia, mfupa kwa mfupa. Aliona kwamba samaki wa Songa hafanani vya kutosha na Leptolepis wa Ulaya, akamweka katika jenasi ya Paraclupavus. Jina lilibadilika, lakini Taverne naye aliendelea kumwita samaki wa bahari.

Kama ni hivyo, maji ya chumvi yalipitia wapi? Si upande wa Matadi. Wakati huo Afrika na Amerika ya Kusini zilikuwa bado bara moja, na Atlantiki ya kusini haikuwa imezaliwa. Upande wa mashariki ndio ulikuwa umeanza kupasuka, na bahari ilikuwa imekwisha kuingia kwenye pwani ya Kenya na Tanzania ya leo. Mawe ya chokaa ya bahari ya wakati huo yanaonekana karibu na Mombasa na Tanga. Mkono wa bahari hiyo ungepaswa kuvuka nchi kavu ndefu ili ufike Kisangani.

Ndiyo sababu watafiti wengine hawakubali. Mawe ya Songa ni sehemu ndogo tu ya mfululizo mrefu ambao wajiolojia wanauita bado "Stanleyville", jina la zamani la mji. Sehemu kubwa ya mfululizo huo ni udongo uliogeuka jiwe na mawe meusi yenye bitumi, na viumbe vidogo vilivyomo vinaonyesha ziwa kubwa la maji matamu. Kwa watafiti hao, hata chokaa ya Songa inaweza kuwa ya ziwa hilo.

Samaki peke yake hawezi kumaliza ubishi. Wakaaji wa Uvira na Kalemie wana ushuhuda kwenye sahani: ndakala ni wa jamaa ya sardini, jamaa ambayo wengi wake wako baharini, lakini yeye anaishi katika maji matamu ya Tanganyika. Mtu wa siku za mbele akimkuta ndakala ndani ya jiwe, angeweza kudhani kwamba Tanganyika ilikuwa bahari. Kwa hiyo mawe yenyewe yanapaswa kupimwa pia, pamoja na kemia yake na viumbe vidogo vilivyolala ndani.

Swali hili linagusa pia mali ya nchi. Mawe meusi ya Kisangani yamechunguzwa tangu ukoloni kwa sababu ya mafuta yaliyomo. Mwezi wa Julai 2022, serikali ilifungua mnada wa bloki 27 za petroli na 3 za gesi, na baadhi ya bloki hizo zilikuwa katika Bonde la kati. Mnada ulifutwa mwezi wa Oktoba 2024. Anayetaka kujua kama kuna petroli chini ya msitu huo lazima aulize kwanza mawe haya yalizaliwa wapi, kwa sababu ziwa na bahari haviachi mafuta ya namna moja, wala havienei sawa chini ya ardhi.

Lakini mwanafunzi wa Kisangani anayetaka kumtazama Paraclupavus kwa macho lazima apate viza. Mifupa iliyochunguzwa iko Tervuren, karibu na Bruxelles, katika jumba la makumbusho la Afrika ya kati. Hata jina caheni ni la heshima kwa Lucien Cahen, mjiolojia aliyeongoza jumba hilo. Mazungumzo juu ya mali ya Congo iliyo Ubelgiji yanahusu zaidi maski na sanamu, kama maski ya kakungu ambayo mfalme Philippe alileta Kinshasa mwezi wa Juni 2022, kwa mkopo usio na mwisho. Mawe yenye samaki yanatajwa mara chache.

Mifupa ilisafiri, lakini mawe ya Songa hayakuhama. Sampuli mpya zinaweza kuchukuliwa huko huko Tshopo, na safari hii watakaozisoma na kuzipa majina wanaweza kuwa Wakongomani wenyewe.