Fahamu: Uonevu wa shuleni unavyowaangusha mastaa wa Korea Kusini

Februari 2021, mapacha Lee Jae-yeong na Lee Da-yeong, nyota wa voliboli Korea Kusini, waliomba radhi baada ya kutuhumiwa kuwaonea wenzao walipokuwa shuleni. Klabu yao iliwasimamisha, na timu ya taifa ikawaondoa. Mwezi uliofuata, mwigizaji Ji Soo aliomba radhi kwa tuhuma kama hizo na kujiondoa kwenye tamthilia iliyokuwa bado hewani.

Mashabiki hugawanyika: wapo wanaodai adhabu, wapo wanaomshambulia mlalamikaji. Sheria nayo inambana mlalamikaji. Nchini humo hata kusema kweli kunaweza kuwa kosa la kuchafua jina, isipokuwa iwe kwa manufaa ya umma.

Kumpenda staa si kosa. Ila shabiki si wakili wala hakimu: subiri ushahidi, na usimtukane anayesema aliumizwa.