Weupe wa Twiga wa Ishaqbini

Mwaka 2017 video ya twiga weupe wawili, mama na mtoto wake, ilisambaa duniani kutoka hifadhi ya jamii ya Ishaqbini, kaunti ya Garissa. Wengi waliowaona walidhani ni albino. Wataalamu walitaja jina jingine: leusizimu.

Kwa asili, majina yote mawili yanazungumzia weupe. Albino lina mzizi wake katika neno la Kilatini *albus*, na lilipitia kwa Wareno kabla ya kuingia Kiingereza. Leusizimu imetokana na *leukos* ya Kigiriki, mzizi uleule wa lukemia, jina ambalo tabibu Mjerumani Rudolf Virchow aliupa ugonjwa unaojaza damu chembe nyeupe kupita kiasi.

Sayansi imeyapa majina hayo kazi tofauti.

Rangi ya ngozi na manyoya hutokana na melanini, iliyopewa jina kutoka *melas*, yaani nyeusi kwa Kigiriki. Mwenye ualbino ana seli za kutengeneza melanini, ila haziitengenezi au huitengeneza kidogo mno. Upungufu huo hufika hadi machoni, ndiyo maana jua humsumbua na uwezo wake wa kuona hupungua. Katika leusizimu, tatizo huanzia kwenye safari ya seli zenyewe. Mnyama akiwa bado tumboni, seli hizo hutoka upande wa mgongo na kutawanyika mwilini. Zisipofika, ngozi hukosa rangi. Macho hupata rangi yake kwa njia nyingine, hivyo hubaki meusi.

Twiga wa Ishaqbini walikuwa na macho meusi. Kilichofifia kwao ni ule mchoro wa mistari myeupe kati ya madoa ya kahawia, uliowapa twiga wa kaskazini mwa Kenya jina la Kilatini *reticulata*, "mwenye wavu".

Machi 2020 ilitangazwa kuwa mama huyo na mtoto wake mmoja wameuawa na majangili. Ilibaki mifupa tu. Alisalia dume mmoja mweupe, na Novemba mwaka huo alifungwa kifaa cha GPS kwenye pembe ili askari wa wanyamapori wajue alipo kila saa. Wanaoandika habari zake wamwite twiga mwenye leusizimu: ana macho mazima, na anachohitaji ni kulindwa dhidi ya majangili.